Kistari

Kwenye daftari la Butimba safu ya mwisho
ni tarehe ya kutoka.
Yule wa mahindi, wa Magu, anayo.
Yule wa ng'ombe wa Kwimba anayo, wino umekolea.
Mbele ya jina la kaka yangu, Ndalahwa,
karani amechora kistari,
kifupi kama mwiba wa furu.

Nikauliza, hiki ni nini?
Akajibu bila ubaya, akitafuta kifuniko cha kalamu:
"Huyu ni wa maisha, dada."

Mwanzo ilikuwa kamba.
Miaka sita mama alilala kajifunga kitambaa shingoni,
akisema koo lina baridi.
Barua ya kupunguziwa ilipofika
tulichinja jogoo, vigelegele vikavuka mitaa:
Kapewa maisha! Kapewa maisha!
Watoto waliimba bila kuelewa.
Sisi wakubwa hatukuelewa pia,
ila tuliimba kuwazidi.

Sitasema hakuua.
Aliua, Nyehunge, usiku wa mnada,
kwa panga la kuchanjia kuni,
kwa deni la nyavu mbili na maneno ya pombe.
Malimi alikuwa na miaka ishirini na mitatu.
Kiatu chake kimoja hakikupatikana.
Mama yake anauza dagaa sokoni kwetu.
Hunipimia kopo mpaka likamwagika,
wala hanitazami.
Sijui kama ni msamaha
au anataka niondoke upesi.

Mama yetu tulimzika masika ya juzi.
Nilimpelekea Ndalahwa udongo wa kaburi,
kijiko kimoja, ndani ya karatasi ya daftari.
Getini wakaukunjua, wakaunusa, wakaumwaga:
kitu hiki hakimo kwenye orodha.
Sabuni ikapita.

Ziwa liko karibu, nyuma ya ukuta na nyuma ya mawe.
Halioni. Anasema mvua ikitokea huko
husikia harufu ya magugu maji,
na wazee wa selo yake hugeuza pua upande mmoja,
wote kwa pamoja, kama ng'ombe.

Kila nikienda huanza na swali lile lile:
"Kivuko kilikuchelewesha?"
Safari hii nikamwambia, kaka,
kivuko hakipo. Kuna daraja.
Unatoka Busisi, unafika Kigongo,
na dereva hajazima injini.

Akafikiri muda mrefu,
na muda wenyewe wa kuonana ni mchache.
Kisha: "Na wale wauza mayai?"

Hapo ndipo nikasikia, baada ya miaka kumi na tisa,
kwamba siku ile karandinga lilikaa Busisi
likingoja zamu, jua kali, pingu zinachoma,
na mwanamke mwenye kanga ya bluu
akamenya yai, akalitia chumvi,
akalipenyeza kwenye wavu hadi mdomoni mwake.
Hakuuliza kosa. Hakudai.
"Lile yai sijalilipa," akasema.
"Mtafute. Usiniachie deni."

Nilishuka Busisi. Nilitafuta.
Vibanda vimebaki miti mitupu,
mbuzi wamelala palipokuwa na foleni,
na juu magari yanapita bila kututazama.
Kijana mmoja wa bodaboda akasema
wamama wa mayai wametawanyika,
wengine Usagara, wengine Geita, wengine wamekufa.

Mwezi uliofuata nikamdanganya.
Nimemwona, nikasema. Nimemlipa.
Noti ya elfu moja.

Kaka yangu akacheka, jino moja la mbele limekwenda,
sikuwa nimeliona likienda.
"Elfu nzima? Yai lilikuwa shilingi mia.
Chenji je?"

Nikasema: amesema utaifuata mwenyewe.

Tukatazamana.
Askari akagonga chuma kwa funguo.
Ndalahwa akainuka, akiwa bado anahesabu kwa vidole.